Fundi na Namba za Watu

Kitu alichokichukia Fundi kuliko theluji ya Machi ni mtu aliyebonyeza kwanza, kisha akaita. Ukifika mlangoni kwake na kompyuta kifuani, hakukusalimia kabla hajakuuliza swali lake.

"Uligusa nini?"

"Sikugusa kintu, Papa Fundi."

"Bon. Donc mashini ilijigusa yenyewe."

Basi anaipokea, anaifuta kwa kipande cha kitenge alichokiweka mfukoni mwa shati, na wewe unatumwa jikoni ukakae na mkewe unywe chai. Kusimama nyuma yake hakuruhusiwi. Alidai mashine ikitazamwa sana inaona haya. Mimi nadhani mwenye haya alikuwa yeye.

Sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, tulioletwa Louisville, Marekani, kutoka kambini tulikuwa na fundi wa magari, fundi wa nywele na fundi cherehani, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unayemtaja. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupanga vifurushi kwenye ghala. Kazi yake ya moyo ilikuwa kompyuta. Nilimjua kwanza Louisville, tulikokaa jengo moja na kupanda ngazi moja. Nikamkuta tena Columbus. Na miaka hii ya karibuni tuko wote Buffalo, yeye kwa binti yake karibu na barabara ya Bailey, mimi mitaa michache kutoka hapo. Amebadili miji mitatu na namba ya simu ni ile ile. Nikimweleza Fundi bila kueleza namba hiyo nitakuwa sijaeleza kitu.

Lakini kwanza niseme alivyozipenda mashine, maana wanaomcheka leo hawakuona. Alikuwa akinunua kompyuta zilizokufa kwenye maduka ya mitumba, zile ambazo hata mwenye duka anashangaa unazipeleka wapi. Alizifungua mezani, akapanga skrubu kwenye sahani za chai, na wiki ikiisha moja ya mashine hizo ilikuwa inawaka ikiongea Kifaransa. Mashine zake zote aliziweka katika Kifaransa. Watoto walimcheka, wakamwambia kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu Kentucky anayetumia kompyuta ya namna hiyo. Aliwajibu kwamba mashine aliyoifufua yeye itaongea lugha anayotaka yeye.

Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyesoma masharti ya tovuti mpaka mwisho. Sisi sote tunabonyeza "nakubali" kama watu wanaokimbia mvua. Yeye alivaa miwani iliyofungwa kamba ya kiatu, akasoma kila mstari, na mara nyingine akakataa kabisa, akafunga tovuti, akasema hao watu hawana adabu. Na programu ikitaka kusasishwa, alikuwa haibonyezi kabla ya kuomba. Si utani. Aliinamisha kichwa, akaomba umeme usikatike na mtandao usikatike, akasema amina, ndipo akabonyeza. Mkewe aliitikia amina kutoka jikoni bila kuuliza inaombewa nini.

Alilitengenezea kanisa letu tovuti. Ilikuwa na nyota zinazozunguka, picha ya kwaya inayoingia kutoka kushoto na kutoka kulia, na wimbo unaoanza wenyewe kwa sauti kubwa hata kama wewe uko kazini na umefungua kwa siri kuangalia saa ya ibada. Chini kulikuwa na kihesabio cha wageni. Kilipanda kila siku, na Fundi alitutangazia ongezeko hilo kwa fahari, mpaka binti yake alipogundua kwamba mgeni huyo mwaminifu ni baba yake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye namba.

Mtu akifika hapa mgeni, jambo la kwanza analojifunza ni kwamba kila mlango una tovuti. Kazi inaombwa kwenye tovuti, mtoto anaandikishwa shule kwenye tovuti, daktari anakupa siku kwenye tovuti, hata mwenye nyumba ukimpigia kuhusu bomba linalovuja anakuambia uandike kwenye tovuti. Na kila tovuti inataka namba ya simu isiyobadilika, ili ukiingia ikutumie tarakimu chache za kuthibitisha kwamba ni wewe kweli. Sisi namba zetu zilibadilika kama hali ya hewa. Laini inakatwa, simu inaangushwa na mtoto chooni, shangazi anakuja na ofa ya kampuni nyingine, namba imekwenda. Wangapi walifungiwa nje ya barua pepe zao kabla hata hawajazizoea!

Fundi alikuwa na namba moja tangu alipofika. Basi akaanza kuwafungulia watu akaunti, na mahali pa namba ya simu akaweka yake. "Tuweke yangu," alisema. "Yangu haifagi," maana yake haifi kamwe. Ulikuwa wema mtupu, na anayesema vingine ni mchochezi. Akaweka kwa mzee mmoja, akaweka kwa wajane wa jengo letu, akaweka kwa kwaya yote, akaweka kwangu.

Basi ikawa kila mtu wa kwetu akitaka kuingia popote, tarakimu zinaingia kwenye simu ya Fundi, na mwenye akaunti anampigia. "Papa Fundi, nipatie namba, banataka kunifungia!" Naye anasoma. Anakula, anasoma. Yuko kwenye maziko, anatoka nje, anasoma. Kule ghalani simu zilikatazwa mahali pa kupangia vifurushi, kwa hiyo alikimbilia chooni. Msimamizi wake alimhurumia akidhani ana tumbo bovu, akamshauri apunguze pilipili. Baadaye huruma ikaisha, na kazi nayo ikaisha.

Kuna tovuti moja ya ajira iliwahi kutufungia sote siku moja. Fundi aliwapigia simu na kuongea nao kwa muda mrefu, nasi tumekaa sebuleni kwake tukimtazama mdomo. Kumbe mitambo yao imeona kundi la watu wenye namba moja ya simu, wanaoingia kwa kompyuta moja, na wote wamezaliwa tarehe mosi Januari. Imeamua huyo ni mwizi mmoja mwenye majina mengi. Na ni kweli sote tumezaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu kambini ukisema hujui siku uliyozaliwa, karani anakuandikia hiyo na foleni inaendelea. Fundi alijitahidi kulieleza hilo kwa Kiingereza chake. Alipokata simu alitugeukia.

"Banasema tuko mutu moja."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukakumbuka kwamba kesho hatuna kazi.

Mtu atauliza: si mngebadilisha tu, kila mtu aweke namba yake? Hapo ndipo nilipokosana na Fundi. Nilipopata laini yangu ya kudumu nilimwomba abadilishe. Alisema mtandao uko chini. Wiki iliyofuata akasema macho yanamuuma. Wiki nyingine akaniuliza, na uso umemshuka, "Mama Neema, nilikukosea nini?" Ilinichukua majira mawili kutoka kwenye simu yake, na siku alipoibadilisha alikuwa kama mtu anayemrudisha binti kwa wazazi. Jumuiya yetu ilipoamua kuwasaidia wazee wahamishe namba zao, alikuja kwenye mkutano na sababu zake zote: wazee watasahau, watoto watawaibia, laini zitakatwa. Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Alilalamika kila siku kwamba tunammaliza, lakini alikuwa kama mtu aliyebeba gunia ambaye ukinyoosha mkono umsaidie, analihamishia bega la pili.

Tena ndiye aliyetufundisha kwa ukali kuliko wote kwamba tarakimu za siri hazitolewi kwenye simu. "Usimupatie mutu. Hata pasteri. Hata miye." Anasema hivyo, simu inalia, anavaa miwani, anaanza kusoma tarakimu za mtu.

Mkewe hakujua kusoma, na mashine zote za nyumba ile alizitazama kama wake wenza. Jambo moja tu alikubali kufundishwa: kubonyeza alama ya kipaza sauti, kusema, na kutuma. Fundi aliipanga simu yake hivi kwamba kila anachosema kinakwenda moja kwa moja kwenye barua pepe ya mumewe. Mama huyo aliikamata teknolojia hiyo kwa mikono miwili. Alikuwa jikoni, mumewe sebuleni, hatua chache tu kati yao, na bado anamtumia sauti kumwambia ugali umeiva au mgeni anaondoka. Fundi alijifanya anakereka. Alizihifadhi zote.

Na mahali pa namba ya simu kwenye akaunti yake mwenyewe, aliweka namba ya mkewe. Kinyozi hajinyoi. Alisema kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe, na huyu mama haendi popote.

Mama aliugua, akalazwa, na kutoka kitanda cha hospitali akaendelea kutuma sauti. Akafariki. Sitasimulia msiba, maana waliokuwapo wanaujua. Nitasema tu kwamba baada ya maziko Fundi hakuweza kuilipia simu isiyo na mtu, akaiacha laini ikafa. Siku zile zile akapata ujumbe kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yake. Kwa mazoea akabadilisha neno la siri, na kwa huzuni akalisahau. Yeye aliyekuwa na maneno ya siri ya ukoo mzima kichwani! Alipojaribu kurudi, tovuti ikamwambia imetuma tarakimu kwenye namba aliyoiandikisha. Namba hiyo kampuni ilikuwa imekwisha kumpa mtu mwingine.

Haya alinieleza mwenyewe Columbus. Alikuwa amehamia huko baada ya kukosa kazi Louisville, akijidanganya kwamba mji mpya utampumzisha. Mji mpya haukumsaidia kitu, kwa sababu aliyempigia Louisville alimpigia na Columbus, na Columbus nayo ina watu wetu wenye kompyuta. Nilimkuta kwenye harusi ya mdogo wangu. Bwana harusi na bibi harusi wanaingia ukumbini, vigelegele vinapaa, na chini ya ngazi naona suti ya kahawia imepiga magoti mbele ya kompyuta ya mtu, na nyuma yake wengine wamejipanga na zao. Nilimshika mkono nikamtoa nje kwenye maegesho ya magari. Nilidhani atanishukuru. Alikaa kwenye ukingo wa barabara akaanza kuzungumza kuhusu zile sauti.

"Iko zingine sikusikiaka," alisema. "Za hospitali."

"Kwa nini hukusikia, Papa?"

"Nilikuwa ku kazi. Ndani ya choo. Zinaingia, naziona, lakini niko napatia batu namba. Nikasema, nikitoka nitasikia. Bon. Nilipotoka, banipigia, banasema nikimbie." Akavua miwani. "Pengine alikuwa ananiita tu. Pengine anasema nikuye karibu yake. Sijue."

Muziki ulikuwa unagonga ukutani nyuma yetu, na simu yake ililia, akaipokea.

Tangu siku hiyo nilikuwa kila nikimwona namfikiria mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake na mfukoni ana funguo za nyumba zote za mtaa. Nilimwonea huruma na alinikasirisha, mara nyingi vyote viwili kwa pamoja.

Mwaka huu, majira ya baridi yakikaribia kuisha, binti yake alinipigia kutoka kazini kwake Amherst, nje kidogo ya Buffalo. Alisema barua imekuja kwa baba yake: akaunti ile yenye sauti za mama, kwa kuwa haitumiwi, itafutwa mwisho wa mwezi na vyote vilivyomo. Kumbe Fundi alikuwa tayari amempigia aliyepewa namba ya mkewe mara mbili kumwomba amsomee tarakimu. Alikuwa bibi mmoja mzee wa Louisville, na mara zote mbili alimkatia. Mwanaume asiyemjua, lafudhi ya mbali, anaomba tarakimu za siri: nani angekubali? Fundi hata hakumlaumu. "Ule mama iko na akili," alisema kwa heshima kabisa.

Binti aliniomba nijaribu mimi. Kazi yangu ni kuwaosha na kuwalisha wazee wa Kimarekani. Najua wanavyopenda kusemeshwa. Jumamosi nikapanda ngazi za nyumba ile ya Bailey. Fundi alikuwa ameivaa suti ya kahawia. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, ukurasa umefika pale penye kuomba tarakimu. Alikuwa amepungua. Alinivutia kiti.

Nilimpigia yule bibi. Nilimuuliza hali ya miguu kabla ya kumuuliza kitu kingine. Nilimweleza kwamba namba yake ilikuwa ya mke wa rafiki yangu, mkewe amefariki, na sauti zake ziko kule ndani. Akasema sawa, atasoma, lakini iwe mara hii moja tu, maana amechoshwa na ujumbe wa watu asiowajua na wiki ijayo anabadilisha namba. Nikamshukuru kwa moyo wote. Fundi akabonyeza. Bibi akasoma, nikaandika tarakimu kiganjani kwangu kwa kalamu.

Hapo ndipo simu ya Fundi ilipolia.

Nilimtazama. Naye alinitazama. Aliipokea.

Alikuwa mama mmoja wa jengo letu la zamani Louisville. Nilisikia sauti yake mpaka nilipokaa: asipothibitisha zamu ya kesho sasa hivi, watampa mwingine. Fundi akasimama, akasogea dirishani, akavaa miwani. "Bon, mama. Andika."

Nikavuta kompyuta, nikaingiza tarakimu za kiganjani mwenyewe. Zikakubaliwa! Ukurasa ukasema karibu, ukaomba neno jipya la siri, na pembeni ukaonya kwamba utangoja dakika chache tu.

"Papa, imekubali. Kuya hapa uandike."

Akainua mkono kunituliza. Yule mama alikuwa amekwisha kuingia, nilimsikia akimshukuru Mungu. Nikangoja Fundi akate simu. Hakukata. Akamuuliza habari za watoto. Akamuuliza kama goti limepona. Akauliza nani anaongoza kwaya siku hizi, na kama ile mikrofoni bado inapiga kelele. Mama wa watu alikuwa na haraka, anajibu mojamoja, na Fundi anatafuta swali lingine.

"Papa Fundi!"

Mgongo wake haukugeuka. Ningeweza kuandika neno lolote mimi, vidole vilikuwa juu ya vibonye. Lakini nifungue sauti za mke wa mtu naye amenipa mgongo? Nilishindwa. Nikakaa pale nikiutazama ukurasa ule mpaka ukajifunga wenyewe na kurudi mwanzo.

Ndipo akaaga, akakata simu, akaja polepole na kuegemea meza.

"Imekataa?"

"Haikukataa, Papa. Ilikungojea."

"Minajua," akasema. "Nilikuwa naiona ku kioo ya dirisha."

Akaketi. Nilitaka kumgombeza, na nilitaka kumshika mkono, nikaishia kufunga kompyuta. Simu ikalia tena mezani. Safari hii aliiacha ilie mpaka ikanyamaza, na sisi wawili tukabaki tunaitazama.